Bawa la Kushoto

Nilikuwa na miaka arobaini na saba nilipoanza upya kuwa mtu wa mwisho. Tanzania nilikuwa nimekaa kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, kwa miaka kumi na mitatu. Nilitua kwenye viwanja vya changarawe ambako kwanza unapita chini kufukuza ng'ombe, halafu unazunguka na kurudi kushuka. Kisha mke wangu, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Ottawa. Tukahama na binti yetu. Miaka miwili nikawa narudia mitihani ya leseni huku nikipanga masanduku kwenye ghala, mpaka shirika moja dogo la ndege likaniajiri kama rubani msaidizi. Kituo changu kikawa Toronto.

Urubani katika nchi hii unaendeshwa na orodha moja. Siku unayoingia kazini unapewa namba, na namba hiyo ndiyo wewe. Orodha haiulizi umeruka saa ngapi wala una mvi kiasi gani. Aliyeingia jana yuko juu yako wewe uliyeingia leo, basi. Namba ndiyo inayoamua nani atakuwa na watoto wake Krismasi, nani atapata likizo Julai, nani atapangiwa safari mwezi mzima na nani atakaa akisubiri simu. Hata kiti cha bure cha kurudia nyumbani, kile wafanyakazi tunachodandia kikibaki, kinagawiwa kwa namba. Mimi nyumbani kwangu kulikuwa Ottawa, kazi Toronto, na namba yangu ilikuwa chini kabisa, karibu na mwisho wa karatasi.

Toronto sikupanga chumba, nilipanga godoro. Tulikuwa marubani watano katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya kumi na moja, Dixon Road, kwenye yale majengo marefu yaliyo karibu na uwanja wa ndege. Kwenye lifti nilikuwa nasalimiana kwa Kiswahili na akina mama wa Kisomali waliowahi kuishi Mombasa na Nairobi. Wao walinihesabu kuwa mtu wa mtaa. Ndani ya nyumba nilikuwa mgeni kati ya wageni, kila mtu na begi lake mlangoni. Mazungumzo ya jikoni yalikuwa matatu tu: namba, njia ya kurudi nyumbani, na theluji.

Mkubwa wetu pale alikuwa mzee mmoja wa Newfoundland, miaka hamsini na minane, aliyekuwa akija kazini kwa kudandia ndege mbili kwa miaka ishirini. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ambayo hayamo kwenye vitabu.

"Mwaka wa kwanza," aliniambia siku moja akikoroga supu ya kopo, "usichelewe. Usiugue. Na usiseme umechoka."

"Si sheria inaruhusu kusema?"

"Inaruhusu. Lakini mwaka wa kwanza wanaweza kukuachisha kazi bila kukueleza sababu. Ukisema umechoka watakuuliza ulikuwa wapi. Ukisema ulikuwa njiani kutoka nyumbani, watakwambia hakuna aliyekulazimisha kuishi mbali."

Alimimina supu kwenye bakuli akanisogezea nusu. Nilimwamini. Mtu aliyedumu miaka ishirini humbishii.

Februari ile nilipata siku mbili za mapumziko nikaenda Ottawa. Jumatatu nilitakiwa kuripoti kazini saa saba na nusu mchana. Kwa hiyo Jumapili jioni nikaenda uwanjani mapema kudandia, na begi langu, na sare yangu imekunjwa vizuri. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Tulikuwa wawili tunaokihitaji: mimi na kijana wa miaka ishirini na minne aliyeajiriwa wiki mbili kabla yangu.

Wiki mbili tu. Dada wa mlangoni alitazama skrini yake, akanitazama mimi, akaita jina la kijana. Kijana aliinuka, uso umemshuka. "Samahani sana, bwana," akasema. Nikamwambia aende, asijali. Mlango ukafungwa. Ndani ya saa moja dhoruba iliyotangazwa ilianza, na ndege zote zilizofuata zikafutwa, za jioni na za asubuhi.

Nyumbani mke wangu alinikuta mezani nimefungua ramani ya barabara kwenye simu.

"Piga uwaambie hutafika," akasema.

"Nimebakiza miezi mitatu kumaliza mwaka wa majaribio."

"Sikiliza, mume wangu. Wodini kwetu muuguzi akija hajalala, namrudisha kutoka mlangoni. Wewe unabeba watu wangapi?"

"Nitalala. Naondoka alfajiri."

Aliondoa vikombe mezani. Nililala, au tuseme nilijilaza. Nilikuwa nasikia upepo ukisukuma dirisha, na kila nilipofumba macho niliona ile orodha. Kama nilipata usingizi, haukuzidi saa mbili.

Saa kumi alfajiri nilikuwa barabarani. Siku ya kawaida safari ile ni mwendo wa saa nne na nusu hivi. Nilipoingia barabara kuu ya 401 sikuona mistari, niliona tu alama mbili za magurudumu ya lori lililonitangulia, nikazifuata. Karibu na Brockville tulisimamishwa zaidi ya saa moja kwa sababu lori lilikuwa limelala ubavu, limeziba njia zote. Nilizima injini nikaogopa kusinzia, nikaiwasha tena. Kingston maji ya kusafishia kioo yaliniishia, nikawa nasimama pembeni kila baada ya muda, nashuka, nafuta kwa mkono. Baada ya Belleville nilifungua dirisha ili baridi inipige usoni. Niliimba nyimbo za kwaya za utotoni, ubeti wa kwanza tu, maana wa pili sikuwa naukumbuka. Kuna sehemu ndefu kabla ya Oshawa ambayo sikumbuki kabisa kuipita. Hilo nililijua palepale. Nilijiambia nimefika, na kufika ndiko kunakotakiwa.

Niliegesha gari saa sita na dakika arobaini. Hapakuwa na muda wa kupita Dixon Road. Nilinyoa ndevu kwenye choo cha wafanyakazi, nikavaa sare, nikanywa kahawa mbili zikifuatana, nikatokea chumba cha marubani dakika kumi kabla ya wakati. Nilijisikia shujaa kidogo. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Kapteni wangu siku ile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Nakuru, akaletwa Kanada ana miaka minne, akakulia kwenye majengo yale yale ya Dixon Road ninakopanga godoro. Aliniambia zamani tulipokutana mara ya kwanza kwamba utoto wake wote alikuwa akisimama barazani kutazama matumbo ya ndege zikishuka, na mama yake akimfokea aingie ndani avae koti. Aliajiriwa ana miaka ishirini na miwili. Namba yake ilikuwa mamia ya watu juu ya yangu. Kazini tuliongea Kiingereza, lakini tukiwa tunasubiri alipenda kujaribu Kiswahili chake, ambacho mwenyewe alikiita cha jikoni.

Aliniuliza swali ambalo kila kapteni huuliza kabla ya safari. "Umepumzika? Uko sawa kwa kazi?"

"Niko sawa, Kapteni."

Alikuwa anasaini karatasi. Aliinua macho. "Ulikuja lini kutoka Ottawa?"

"Jana."

Neno lenyewe lilitoka jepesi. Nilikuwa nimeshalisema kabla sijalifikiria.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Thunder Bay, ndege ndogo ya jeti, abiria sabini na sita, viti vyote vimejaa. Tulikaa mlangoni pa kuondokea muda mrefu tukisubiri zamu, theluji ikianguka kubwa kubwa, na yeye akaanza mazungumzo.

"Wewe ulikuwa kapteni huko kwenu, si ndio?"

"Miaka kumi na mitatu."

"Sasa unakaa hapo kando ya mtoto kama mimi, nakwambia fanya hivi, fanya vile. Si inauma?"

"Inauma wakati wa kudandia," nikamjibu, nikamsimulia habari ya yule kijana na kiti kimoja. Nilipofika katikati nikagundua ninachofanya. Kijana yule aliondoka Jumapili na ndege ya mwisho. Kama nilikosa ile, nilikuja na nini? Nikakata hadithi, nikasema nilipata nyingine baadaye. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakutabasamu.

"Orodha ni mbaya," akasema, "lakini bila hiyo mimi singekuwa hapa. Hakuna mtu angenichagua kwa sura. Orodha haiangalii sura."

Sikuwa nimewahi kuiona hivyo. Nilitaka kumjibu, lakini tuliitwa.

Kabla ya kuruka kwenye theluji lazima ndege iondolewe barafu. Unaingia kwenye uwanja mpana, magari yenye mikono mirefu yanakuzunguka na kukunyunyizia, kwanza dawa ya moto ya rangi ya chungwa inayoyeyusha, halafu dawa ya kijani, nzito, inayokaa juu ya bawa ili theluji mpya isishike. Marubani tunaita kuoga. Ila dawa ya kijani ina muda wake. Theluji inavyozidi kuanguka, dawa inainywa mpaka inashiba, na ikishashiba huwezi kuitegemea tena. Barafu kidogo tu, yenye kukwaruza kama karatasi ya msasa, inatosha kulifanya bawa lisibebe.

Tulipomaliza kuoga kapteni aliandika saa kwenye kipande cha karatasi akakibandika mbele yetu. Kwa theluji ile tulikuwa na kama dakika thelathini na tano.

Foleni ilikuwa ya ndege tisa. Tulipobaki wa nne, mnara wa kuongozea ndege ukasema njia ya kurukia inafungwa kidogo, magari ya kukwangua theluji yanaingia. Tukayaona yakipita mbele yetu yamejipanga mshazari, taa zao zikizunguka. Joto la chumba cha marubani lilikuwa zuri. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu. Kiti kilinikumbatia. Mnara ulitutajia njia nyingine ya kupita, nikairudia kwa redio, na kapteni akanigusa mkono.

"Wamesema Delta. Umesema Charlie."

Nikarekebisha. Alinitazama, akatazama mbele.

Magari yalimaliza. Foleni ikasogea. Muda ulioandikwa kwenye karatasi ulikuwa umebakiza dakika mbili, na mbele yetu bado kulikuwa na ndege mbili. Utaratibu unasema muda ukiisha, mmoja wetu aende kwenye dirisha la abiria ayatazame mabawa yote mawili kwa macho yake. Yakiwa safi, mna dakika tano za kuruka.

"Nenda uangalie," akasema.

Nilifungua mkanda nikatoka. Abiria wote walinitazama. Rubani akija nyuma wakati ndege haijaruka, watu huacha walichokuwa wanafanya. Nilitembea kwa tabasamu la kazi. Upande wa kulia mwanamume mmoja alijisogeza nikainama dirishani. Bawa lilikuwa linang'aa, kijani, laini, theluji ikitua na kupotea ndani ya dawa. Safi. Nikageukia upande wa kushoto. Pale dirishani alikaa mwanamke kijana na mtoto mchanga amelala kifuani. Kofia ya mtoto ilikuwa ya kufumwa, ya njano, na masikio mawili juu. Niliomba radhi kwa mkono, nikainama juu yao, nikatazama.

Nilirudi, nikafunga mlango, nikakaa.

"Yote mawili safi."

"Asante."

Nilipokuwa nafunga mkanda, nikajaribu kuliona bawa la kushoto akilini mwangu. Nikaona kofia. Nikaona ule uzi wa njano, tena mshono ulioachia karibu na sikio moja. Nyuma ya kofia kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha hapakuwa na kitu. Nililitafuta tena. Niliikuta picha ya bawa la kung'aa, lakini lilikuwa linaelekea kulia. Nililiona la kulia mara mbili.

Ndege ya mbele yetu iliingia njiani, ikaunguruma, ikapotea kwenye weupe. Kulikuwa kunaanza kuwa giza.

Nilijiambia: ulikwenda, uliinama, kama kungekuwa na kitu ungekiona. Nilijiambia: la kulia ni safi, theluji ni ileile, dawa ni ileile. Niliwaza mtu mwingine pia, mimi mwenyewe wa zamani kwenye kiti cha kushoto, na rubani msaidizi kando yangu ananiambia hajui alichokiona dakika moja iliyopita. Ningemdharau. Niliwaza nikisema hili nitaulizwa kwa nini, na chini ya hilo kuna lile neno "jana," na chini ya hilo kuna barabara ya Oshawa nisiyoikumbuka.

Mnara ukatuita. Tuingie njiani, tusubiri ruhusa.

Ni mimi niliyetakiwa kujibu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Kapteni, simama," nikasema. "Usiingie."

Alikanyaga breki. "Nini?"

"Bawa la kushoto. Sijaliona."

"Umeniambia ni safi."

"Nilikwenda. Nilitazama. Sikumbuki nilichoona."

Kisha alibonyeza redio mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauambia mnara kwamba hatuwezi kuruka na tunaomba njia ya kutoka. Akaigeuza ndege taratibu. Tulipofika pembeni aliweka breki ya kuegesha, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniita jina ambalo watoto wa watu wetu huwaitia watu wazima.

"Anko. Umeamka saa ngapi leo?"

Nikamwambia. Ottawa, saa kumi alfajiri, dhoruba, saa nane na ushee barabarani, usingizi wa saa mbili. Nilisema yote bila kupumzika, kama mtu anayetapika. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua kipaza sauti akawatangazia abiria kwamba tunarudi, akawaomba radhi, wala hakutaja sababu. Njia nzima ya kurudi hakuzungumza nami ila maneno ya kazi.

Sijui mpaka leo kama bawa lile lilikuwa safi. Tulipofika mlangoni dakika ishirini zilikuwa zimepita, na mabawa yote mawili yalikuwa meupe sawasawa.

Hapakuwa na rubani wa akiba aliyebaki. Safari ikafutwa. Nilisimama pale mlangoni pa ndege, kwa sababu kapteni alisimama, na watu sabini na sita wakapita mbele yetu mmoja mmoja. Mwanamume mmoja wa makamo alituambia mke wake anafanyiwa upasuaji Thunder Bay kesho asubuhi. Hakufoka. Alisema tu, akasubiri kama tuna jibu. Kapteni alimwambia pole. Mama wa yule mtoto alipita amemfunika uso kwa blanketi, hata hakututazama.

Wote walipoisha, kapteni alifunga mlango wa chumba chetu.

"Kama ungeniambia saa saba na nusu," akasema, "wangeniletea mtu mwingine. Walikuwepo wawili. Yule baba angekuwa ameshafika kwa mke wake."

"Najua."

"Hujui. Nilikuuliza mara mbili. Nilikuuliza kwa sababu uso wako ulikuwa mbaya. Nikajiambia huyu ni mtu mzima, alikuwa kapteni, hawezi kunidanganya." Akahamia Kiingereza, akarudi Kiswahili. "Mimi pia nimekosea hapo. Nilikuangalia kama anko, sikukuangalia kama rubani wangu."

Alitoa kalamu mfukoni.

"Nitaandika ripoti. Nitaandika kila kitu. Na ile ya kudanganya."

"Andika, Kapteni."

"Na usiendeshe gari. Panda basi uende ulale."

Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akasimama kwenye theluji na kofia yake mkononi mpaka nilipopanda. Sikujua kama ni huruma au ni kutoniamini. Nadhani yote mawili.

Nyumbani Dixon Road nilimkuta mzee wa Newfoundland akipasi mashati. Nilimweleza. Nilitarajia aseme nimejiharibia. Alisimamisha pasi, akaiweka wima.

"Mimi nimewahi kuingia kiti kile katika hali hiyo," akasema. "Si mara moja. Zaidi ya ninavyoweza kukuhesabia."

"Ulifanyaje?"

"Niliruka." Alirudi kwenye shati lake. Mkono wake ulikuwa unapita palepale, kwenye kola ile ile, muda mrefu.

Nilimpigia mke wangu. Aliposikia habari yote hakunikumbusha alichoniambia. Aliuliza, "Sasa uko ndani?" Nikasema niko ndani. Akasema anarudi wodini, nikasikia anavuta kamasi kabla simu haijakatika.

Kwa siku nne sikupangiwa kazi wala sikupigiwa simu na ofisi. Nililala kwenye lile godoro nikisikia ndege zikipita juu ya paa. Kila mlio wa simu ulinishtua. Nilianza kufikiria lile ghala la masanduku, kama wangenirudisha. Siku ya tano niliitwa kwa mkuu wa marubani, mtu mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Ripoti ya kapteni ilikuwa mbele yake, kurasa mbili. Alinisomea. Kila kitu kilikuwemo: swali la kwanza, swali la pili, neno "jana," Charlie badala ya Delta. Nilikuwa nazidi kuinama. Kisha akasoma sentensi ya mwisho, kwamba rubani msaidizi mwenyewe ndiye aliyeisimamisha ndege kabla haijaingia njiani, bila kuulizwa, na kwamba kapteni yuko tayari kuruka naye tena.

"Mimi sina hakika kama yeye," alisema mkuu. "Kwa uchovu sikuadhibu. Kwa uongo, ndiyo."

Muda wangu wa majaribio uliongezwa miezi sita. Niliandikiwa barua. Na nikapewa sharti: niwe nimeshafika Toronto muda wa saa kumi na mbili nzima kabla ya kila zamu, kila mara, na niweze kuthibitisha. Nilitoka pale. Kwenye korido nilikaa chini, nikiwa na sare, mpaka msafishaji akaniuliza kama naumwa.

Kwa namba yangu na sharti lile, Ottawa nikawa nafika siku tatu au nne kwa mwezi. Nilikosa siku ya kuzaliwa ya binti yangu. Nilikosa mkutano wa shule. Mwezi wa nne mke wangu akaniambia ameomba kazi katika hospitali moja Toronto, hakuniuliza, aliniarifu. Julai tukahamia Kingsview Village, vyumba viwili, majengo matatu kutoka kwenye lile godoro. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na marafiki zake wote alikuwa amewaacha Ottawa. Mimi nilimsemesha kwa Kiswahili, yeye akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba tumehamisha maisha yake yote kwa ajili ya namba ya baba. Sikumkatalia. Wiki nzima alikula chumbani. Siku ya nane alitoka akaniuliza kama ni kweli kutoka paa la jengo letu unaweza kusoma maandishi kwenye matumbo ya ndege. Nikamwambia paani haturuhusiwi. Akasema hakuuliza kama tunaruhusiwa.

Nilimaliza majaribio Novemba. Desemba nilipangwa tena na yule kapteni, siku tatu mfululizo. Tulifanya kazi vizuri na hatukuitaja siku ile hata mara moja. Siku ya mwisho tulikwenda Thunder Bay kukiwa na upepo wa ubavuni na theluji ya kukimbia chini, na akaniachia nitue mimi. Nilitua vibaya kidogo, gurudumu moja kabla ya jingine. Tulipoegesha niliinuka kuvaa koti ili nishuke kuizunguka ndege na kuikagua, maana ni kazi ya rubani msaidizi. Yeye alikuwa ameshavaa lake.

"Kaa," akasema. "Leo naenda mimi, nyoosha miguu."

Nilimwona kupitia kioo akipita chini ya pua ya ndege na tochi yake, ameinama kwa upepo, anaangaza gurudumu, anaangaza injini, hana haraka. Alirudi nyusi zimeganda.

"Kapteni wa huko kwenu pia alikuwa anatua hivyo?" akaniuliza.

"Huko hakukuwa na upepo wa hivi."

"Mmh," akasema, akasugua mikono, akafungua karatasi za safari ya kurudi.